Imeandikwa Wapi?

Mbele ya ngome ya Lamu, pale Mkunguni, watu hukaa kila siku baada ya alasiri kuzungumza mambo ya mji, na kwa muda sasa hakuna jambo lililozungumzwa zaidi kuliko bodaboda. Mji wetu ulijengwa kwa kipimo cha miguu ya binadamu na ya punda. Ukitoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kuingia vichochoroni mwa mtaa wa Mkomani, utafika mahali ambapo punda wawili waliobeba shogi, ile mikoba ya ukili ya kubebea mizigo, hawawezi kupishana, na mmoja hana budi kurudishwa nyuma hadi kwenye pembe ya nyumba ili mwenzake apite. Kwa miaka mingi gari lililojulikana hapa mjini lilikuwa la mkuu wa wilaya tu, na mwaka 2001 UNESCO ilipoutia mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia, vichochoro hivyo vilikuwa sehemu ya kile kilichothaminiwa. Kisha pikipiki zikaja, zikivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, upande wa bara, mwanzo chache, baadaye nyingi, na serikali ya kaunti ikazipiga marufuku ndani ya mji wa kale. Tangu hapo sisi wakaazi tumekuwa tukiiona marufuku hiyo ikikazwa wiki hii na kulegezwa wiki ijayo, bila kuelezwa ni lipi lililobadilika.

Jioni moja ya mwezi uliopita mzee mmoja mwenye punda alikuja barazani akiwa bado na vumbi la mchanga mikononi. Punda wake alikuwa amebeba mchanga wa ujenzi, pikipiki ikatokea ghafla penye kona, mnyama akashtuka na kujibamiza ukutani, shogi ikachanika na mchanga wote ukamwagika mlangoni pa watu. Alituonyesha shogi yenyewe. Ukili ulikuwa umekatika tangu mdomoni hadi katikati, na alikuwa amejaribu kuufunga kwa kamba ya nailoni. "Mimi siwachukii hawa vijana," alisema, "lakini mnyama huyu ndiye anayelisha watoto wangu, na haelewi honi."

Hakuna aliyembishia, na hata mimi sikuwa na la kusema, ingawa nilikuwa na jambo moyoni. Mwaka jana mke wa ndugu yangu alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Tulimlaza kwenye mkokoteni, tukatandika godoro na kanga mbili chini yake, tukausukuma mkokoteni kando ya bahari huku kila jiwe la njia likimtoa ukelele. Tulikuwa hatujafika nusu ya safari kijana wa bodaboda aliposimama, akazima taa ili isimwumize macho, akampakia yeye pamoja na mama yake, na katika muda mfupi wakawa wamefika hospitalini. Mtoto yu hai, na kijana yule alikataa kupokea nauli. Kwa hiyo mtu akiniuliza msimamo wangu kuhusu bodaboda, nitamjibu kwamba vichochoroni hazina nafasi kabisa, na kwamba njia ya kando ya bahari ingeweza kuachwa wazi usiku kwa ajili ya wagonjwa na wazazi, lakini msimamo wangu hauna uzito wowote nisipojua kanuni iliyopo inasema nini hasa.

Hapo ndipo penye jambo lililonifanya niandike.

Mtaa wetu una kundi la WhatsApp, na mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu na nimestaafu, nilipewa kazi ya kulisimamia. Siku mbili baada ya kisa cha shogi, kijana mmoja wa bodaboda aliandika kwamba pikipiki yake imezuiliwa, kwamba ameichukua kwa mkopo na kila siku inayopita deni linamngoja, na kwamba alipouliza amevunja kanuni gani alijibiwa kuwa ni agizo kutoka juu. Kisha akaandika maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi tangu siku ile: "Naomba mtu yeyote anionyeshe imeandikwa wapi. Kama haikuandikwa, basi ni mtu tu amesema." Akaongeza sentensi nyingine iliyokuwa kali, akiwataja wakubwa fulani kwa majina na kusema wanakula jasho la wanyonge.

Haikupita nusu saa simu yangu ikaanza kulia. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwalimu, mtoe huyo kabla hajatuletea askari mlangoni." Mwingine alinikumbusha sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya mwaka 2018, iliyoweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa mwenye kuchapisha habari za uongo. Hofu hii ni ya kweli, na siidharau. Ndiyo inayowafanya watu wetu wasambaze ujumbe na kuuwekea mkia wa "nimeutuma kama nilivyoupokea", kana kwamba maneno hayo ni hirizi. Nilimtoa kijana yule kundini, nikaandika kwamba kundi ni la mambo ya mtaa na si la matusi. Nilipata shukrani nyingi.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu sentensi yake ya mwisho ilikuwa kali, lakini ile ya kwanza lilikuwa swali, na mimi nililifukuza swali pamoja na ukali wake.

Wapo wanaosema kwamba uhuru wa kusema umekufa Kenya, na wapo wanaosema umezidi mno hata umegeuka utovu wa adabu. Nadhani pande zote mbili zinautazama mdomo na kusahau sikio. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na kinautoa nje ya uhuru huo uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikitumiwa kuwakamata watu kwa waliyoyaandika mitandaoni, na mwaka 2017 ikaliondoa kosa la jinai la kumharibia mtu jina, likabaki jambo la madai. Ulimi, kwa maandishi angalau, umefunguliwa kiasi kikubwa. Lakini mbele kidogo tu, katika kifungu cha 35, Katiba hiyo hiyo inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ni nadra sana kusikia mtu akikitaja kifungu hiki barazani. Tunajadiliana usiku na mchana kuhusu mambo ambayo karatasi zake hatujaziona.

Zamani haikuwa hivyo, na sababu si kwamba wazee walikuwa bora kuliko sisi. Katikati ya miaka ya sabini, wanasiasa walipogombea ubunge huku Lamu, mashairi ya kampeni yalirekodiwa kwenye kaseti na kusikilizwa nyumba hadi nyumba, na upande uliotupiwa beti ulijibu kwa beti. Kaseti ilikuwa teknolojia mpya wakati ule kama WhatsApp ilivyo sasa, na maneno yaliyosemwa mle yalikuwa makali kuliko ya kijana wangu. Hata hivyo msikilizaji aliweza kupima nani anasema kweli, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yake: alimjua mgombea, aliwajua wazazi wake, na alijua kama ahadi ya mwaka uliopita ilitimizwa. Leo mambo yanayotugusa yamo ndani ya mikataba, ramani na ripoti za mamia ya kurasa. Mtu anaweza kuishi Lamu miaka sabini, akaujua kila mkondo wa maji, na bado asiwe na habari yoyote ya kilichoamuliwa juu ya maji hayo.

Bandari mpya ilitufundisha hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja kuuzindua mradi wa LAPSSET, yaani bandari hiyo pamoja na njia za kuiunganisha na nchi zao, na wavuvi wetu wakaanza kuuliza mahali watakapovua bahari itakapochimbwa na mikoko itakapokatwa. Waliuliza kwa heshima na waliuliza kwa hasira, na majibu yalikuwa yale yale, kwamba maendeleo yanakuja. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya kupata habari kuhusu mradi, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Ninapolikumbuka shauri lile huwa nafikiri zaidi juu ya miaka sita iliyopita kati ya swali na jibu kuliko juu ya zile fedha, kwa maana watu wazima wenye akili zao walilazimika kwenda mbele ya majaji ili waambiwe kwamba walistahili kuambiwa.

Shauri la makaa ya mawe lina funzo lililo karibu zaidi na swali la kijana yule. Kampuni ilitaka kujenga kule Kwasasi mtambo wa umeme wa megawati 1,050, ikapewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wakaazi walipopinga waliambiwa kwamba walishirikishwa, kwani mikutano ilifanyika na watu walihudhuria. Ni kweli kwamba mikutano ilifanyika. Lakini Mahakama Maalumu ya Mazingira ilipoifuta leseni hiyo mwezi Juni 2019, moja ya sababu zake kubwa ilikuwa kwamba mikutano ile ya mwanzo ilitangulia utafiti, na baada ya ripoti ya athari kukamilika watu hawakushirikishwa ipasavyo kuhusu yaliyomo ndani yake. Nawaomba wasomaji walitafakari hilo kwa utulivu. Watu walipewa nafasi ya kusema, wakasema, na bado mahakama ikaona kwamba hawakushirikishwa, kwa sababu mtu hawezi kutoa maoni juu ya ripoti ambayo hajaiona.

Nami nimeyaona hayo kwa kipimo kidogo. Miaka michache iliyopita afisi moja ya umma ilibandika tangazo la kikao cha kutoa maoni kuhusu kanuni za usafiri. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo, imebandikwa ndani ya ua ambao baada ya saa kumi hufungwa, na mswada wenyewe haukuwepo. Niliomba nakala, nikaambiwa nije kikaoni nitausikia. Nilikwenda, tulikuwa watu kumi na wanne, tukasomewa vichwa vya sehemu kwa haraka, tukatia sahihi daftari la mahudhurio na tukapewa soda. Sahihi yangu imo ndani ya daftari lile hadi leo kama ushahidi kwamba nilishirikishwa. Kama kanuni za bodaboda zilikuwa ndani ya mswada ule, basi ni mimi niliyezipitisha bila kuzijua.

Kwa sababu hiyo, wiki moja baada ya kumtoa kijana kundini, nilikwenda kumtafuta gatini. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda akiwasaidia mahamali kushusha mizigo ya boti. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba swali lake lilikuwa la haki na ningepaswa kulibakiza hata kama sentensi yake nyingine ningemwomba aifute. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi kuniregesha kundini si neno. Nilitaka kujua imeandikwa wapi."

Nilimweleza kuhusu Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma kwa mara ya kwanza siku tatu tu kabla ya hapo, na naona aibu kulisema hilo baada ya miaka yote niliyosimama darasani. Sheria hiyo inasema kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Inasema kwamba mwombaji halazimiki kueleza anaitakia nini habari hiyo, na asiyeweza kuandika ni juu ya afisa kumsaidia ombi lake liandikwe. Afisi ina siku 21 za kujibu, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Asiyeridhika anaweza kulalamika kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya afisi za umma. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ni lazima kuwa na wakili. Nilimwambia hapana.

Tuliandika barua usiku ule barazani kwangu, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tuliomba nakala ya kanuni inayokataza pikipiki katika mji wa kale, tarehe ilipopitishwa, mipaka ya njia inazozihusu, na utaratibu wa kuirejesha pikipiki iliyozuiliwa. Mzee wa punda alikuja na shogi yake iliyoshonwa upya begani, akaomba asomewe barua mara mbili. Nilidhani angekataa kutia sahihi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye sababu ya kutaka pikipiki ziondoke. Alisema, "Nami nataka kuijua mipaka, mwanangu, ili nijue punda wangu apite wapi," akachukua kalamu. Tulipata sahihi saba, za wanaotaka bodaboda na za wasiozitaka, na mmoja wao ni yule mzee aliyenipigia simu nimtoe kijana.

Karani aliyeipokea barua aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza nani ametutuma, nikamwambia hakuna. Aligonga muhuri wa tarehe juu ya nakala yetu na kuturudishia. Kijana ndiye anayeitunza, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na leseni yake ya udereva, na kila asubuhi huandika kundini idadi ya siku zilizobaki. Leo ameandika kumi na mbili.