Sanguinaria imeota, mwaka wa tatu

Majani manne ya Sanguinaria, ua la porini la Marekani! Nimeyahesabu alfajiri, kandambili miguuni, baridi ya Aprili ya huku Ohio inanitafuna. Nikawaita wa nyumbani waje waone. Wakaona, wakarudi kulala.

Katika mimea yote niliyookota kwenye kitabu cha 1864 cha Dk. Edwin Hale, daktari Mmarekani wa homeopathia (tiba ya dawa zilizozimuliwa mno), ile ya porini Marekani ambayo siku hizi hata watu wa homeopathia wengi hawaigusi, hii ndiyo iliyonitoa jasho. Chionanthus nilinunua mche, basi. Collinsonia inajiotea tu.

Sanguinaria? Misimu miwili nilinunua mbegu kavu za pakiti, nikazifunga kwenye tishu mbichi, friji miezi mitatu, nikapanda. Kimya. Nikalaumu udongo, nikalaumu kindi, nikanunua hadi kile kipimo cha asidi chenye sindano mbili. Msinunue. Nilikitumbukiza kwenye siki kikaniambia 7, yaani eti hamna asidi.

Kumbe shida ni ukavu. Mbegu hii ikishakauka, ndiyo imekwenda. Ina kishungi cheupe chenye mafuta. Sisimizi huibeba hadi shimoni, wakala kishungi, mbegu wakaitupa humo humo penye unyevu. Mimi nahangaika na friji, wenzangu wanamaliza kazi bila umeme.

Juni iliyopita bibi mmoja wa mtaani aliniita maganda ya Sanguinaria yake yalipoanza kupasuka. Mbegu 20 zikawa ardhini ndani ya saa moja, juu yake wavu wa kuku, nikaziacha zipigwe na joto kisha theluji. Zimetoka 4. Kila moja ina jani moja tu, dogo kama sarafu.

Wakina Hale waliitoa kwa kipandauso cha upande wa kulia, kinachopanda na kushuka na jua. Mimi siinywi. Mzizi ukikatwa unatoka utomvu mwekundu kama damu, unaounguza ngozi; na kwenye kichupa cha 30C, yaani dawa iliyozimuliwa moja kwa mia, tena na tena mara 30, hamna hata chembe ya mzizi huo. Ninachotafuta ni mmea wenyewe.

Wiki hii nilipaswa kuandaa tuta la Hydrastis, mmea mwingine wa Hale. Sijaandaa. Nimechora miraba chini nijue sisimizi wanapita wapi, ili Juni niwawekee mbegu zenye kishungi na zisizo nacho, nihesabu zipi wanabeba. Kwa majaribio nimeweka punje 10 za ufuta kila mraba.

Jana nilikwenda kuchukua kalamu, kurudi hamna hata punje moja.