Nyuzi saba za sufu zilinionyesha pa kutoboa bawa

Ndege yangu ya viti viwili, niliyoiunda kwa mikono yangu, ilikuwa tayari inaruka bila king'ora cha kuonya kabla ya stoli, yaani kabla bawa halijaishiwa nguvu ya kubeba. Nikamuuliza mjuzi mmoja swichi ya king'ora hicho ifungwe wapi. "Pima sentimita tatu chini ya ukingo wa mbele, toboa, funga. Mimi nilifanya hivyo." Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, maana bawa lake halifanani na langu hata kwa umbo. Heri sikutoboa. Nilibandika swichi hapo kwa utepe wa gundi, nikaruka, na honi ikalia wakati pua imekwisha kuanguka.

Swichi hiyo ina ulimi mdogo wa bati. Upepo ukifika kwenye ukingo wa bawa hugawanyika, mwingine ukapita juu, mwingine chini. Pua ikiinuka, mpaka wa mgawanyiko huo hushuka. Ukishapita chini ya ulimi, upepo huusukuma juu na honi hulia. Kwa hiyo nilihitaji kujua mpaka uko wapi kasi ikiwa imebaki noti 5 (maili za baharini kwa saa) kufikia stoli.

Nikakata nyuzi saba za sufu, fupi kama pingili ya kidole, nikazibandika kwa mshazari kwenye ukingo, kila mmoja milimita 6 chini ya mwenzake, mbali na upepo wa propela. Kamera ndogo nikaielekeza hapo. Tulipanda futi 4,000 juu ya ardhi, nikapunguza moto wa injini taratibu huku mwenzangu akisoma kasi kwa sauti ili irekodiwe. Picha zile nimezitazama mara nyingi kuliko za harusi yangu! Uzi wa juu uligeuka kwanza, wa pili ukafuata, kisha wa tatu. Stoli ilikuja kwa noti 41, na kwenye 46 uzi wa nne ulikuwa unachezacheza, haujui uende juu au chini. Nikatoboa hapo hapo.

Matundu ya skrubu yafanye marefu, wima, ili swichi iweze kusogea. Yangu ililia mapema, noti 48. Nikaishusha milimita 2, ikakaa sawa. Gharama yote haikufikia tangi moja la mafuta. Honi ya kwenye dashibodi haikusikika kwa kelele za injini, nikaiunganisha na hedifoni.

Nilichofurahia zaidi ni kona ya kulaza ndege upande digrii 45: ililia kwenye noti 55, kasi ambayo ukitazama saa ya mwendo tu ungejiona salama kabisa. Ni kwa sababu swichi inafuata pembe kati ya bawa na upepo, si kasi.

Sasa kabla ya kila safari nawasha umeme, nauinua ulimi kwa kidole, na mwenzangu ndani akisikia honi ananipungia mkono.