Tufaa la Baldwin halitaki haraka

Jumamosi iliyopita, theluji ikiwa imefika magotini hapa Lowell, Marekani, nilishuka katika chumba cha chini ya nyumba nikafunua sanduku la mbao ambalo sikuwa nimeligusa tangu Oktoba. Harufu iliyonipokea haikuwa ile ya siku ya kuchuma. Ilikuwa nzito zaidi, yenye utamu wa mbali kidogo, kama ya kabati lililofungiwa udi. Nilitoa tufaa moja katika gazeti nililolifungia, lenye wekundu uliokoza upande mmoja na umanjano upande wa pili, na ngozi iliyotapakaa vidoa vidogo vyeupe. Nilipolikata, nyama yake ilikuwa ngumu bado na ya manjano hafifu, na ukali ulionikunja uso wakati wa kulichuma ulikuwa umepungua, ukabaki wa kuusindikiza utamu tu.

Kwetu pwani ukisema tufaa, wengi hufikiria lile tunda jekundu, laini, lenye maji mengi, ambalo halina undugu wowote na hili. Hili la dukani watu huliita epo. Mimi nitaendelea kuliita tufaa, na wa pwani wanisamehe.

Aina hii huitwa Baldwin, na chimbuko lake haliko mbali na ninapoishi. Mti wa kwanza uliota wenyewe mnamo mwaka 1740 katika shamba la John Ball huko Wilmington, Massachusetts. Vigong'ota waliupenda sana, hivyo watu wakaliita tunda lake tufaa la kigong'ota. Mwaka 1793, Samuel Thompson alipokuwa akipima njia ya Mfereji wa Middlesex, ambao baadaye uliunganisha Boston na mto Merrimack kwa mwendo wa kilomita 43 hivi, aliukuta mti huo, akayaonja matunda yake na kuyasifu. Aliyeyaeneza, hata hivyo, alikuwa Kanali Loammi Baldwin, mhandisi wa mfereji huo, na ndiye ambaye jina lake lilibaki. Huko Wilmington kuna nguzo ya mawe iliyosimamishwa mwaka 1895 kwa ajili ya mti huo, na juu yake limewekwa tufaa la mawe. Nimeona sanamu nyingi za majenerali katika nchi hii, lakini hiyo ndiyo pekee niliyoifuata makusudi.

Jambo ambalo mtu wa Muheza kama mimi hulielewa bila kufundishwa ni namna tufaa hili lilivyofika hapa lilipo. Mbegu ya tufaa haizai mama yake. Ukipanda mbegu kumi utapata miti kumi ya tabia kumi, na mingi itakuwa na matunda machungu yasiyofaa. Ili upate Baldwin, ni lazima ukate kijiti cha Baldwin na kukibebesha juu ya shina jingine, sawasawa na wazee wetu wanavyobebesha michungwa juu ya mashina ya milimau. Kwa hiyo tufaa nililokuwa nimelishika lilitoka kwenye mti uleule wa shamba la Ball, ukirithishwa kijiti kwa kijiti kwa karibu miaka 300, ingawa mti wenyewe uliangushwa na dhoruba ya mwaka 1815.

Kwa zaidi ya karne moja Baldwin lilikuwa ndilo tufaa kuu la New England, yaani pembe hii ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Lilistahimili safari, likapakiwa kwenye mapipa na kuvushwa bahari hadi Uingereza, na lilikaa katika chumba cha chini ya nyumba mpaka majira ya kuchipua yakakaribia. Lakini mti wake una kiburi. Chavua yake haifai kuzalishia miti mingine, na mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakaelemewa, mwaka unaofuata hupumzika, na mkulima mwenye deni hapumziki. Kisha ikaja baridi ya mwaka 1933 hadi 1934, iliyoua miti ya Baldwin kwa wingi mno katika eneo hili. Wakulima walipopanda upya, wengi walichagua McIntosh, aina nyingine ya tufaa, ambayo mti wake huvumilia baridi vizuri zaidi. Kwa hiyo haikuwa ladha iliyoliondoa Baldwin sokoni, na ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema kwamba matunda ya zamani yaliachwa kwa sababu mapya ni matamu kuliko hayo.

Mwaka wa kwanza niliyaharibu mwenyewe. Niliyaweka jikoni, ndani ya mfuko wa plastiki, kando ya mkungu wa ndizi, na kufikia Desemba yalikuwa laini kama unga uliolowa. Ningepaswa kujua, kwa kuwa nimekua nikiona ndizi zikivundikwa, na gesi inayoivisha ndizi ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye tufaa na kulizeesha. Sasa huyachagua moja moja: lisilo na kikonyo au lenye alama ya kidole huliwa mapema, kwa maana samaki mmoja akioza, wote wameoza. Yaliyobaki huyafunga kwa gazeti, kila moja peke yake, na kuyaweka penye baridi inayokaribia kuganda lakini isiyogandisha. Mke wangu husema kwamba nayahudumia kuliko wageni.

Kipande kilichobaki Jumamosi tulikipikia pai, na hapo ndipo Baldwin huonyesha uungwana wake, kwa kuwa vipande vyake hubaki vipande baada ya kutoka jikoni. Mwenye bustani ninakochuma, mzee mwenye miti minne tu ya aina hii, alikwisha kunionya Oktoba kwamba mwaka ujao yote itapumzika. Nimehesabu sandukuni: yamebaki kumi na tisa.