CBG, PCB na madaftari yangu

Juzi dogo wa sista kanitumia voisi ndeeefu, matokeo ya fomfoo yametoka, TAMISEMI wamefungua mfumo watu wabadilishe machaguo ya Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya fomfaivu, sasa anko nijaze PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) au hizi mpya? Maana toka 2024 tahasusi, yaani hiyo michanganyo ya masomo, zimefika 65, zamani zilikuwa 16 na bado tulichanganyikiwa. Nikamwambia nitumie picha za madaftari yako. Akacheka, akajua namtania.

2008 hiyo, Selform ni ya karatasi. Mzee nyumbani keshasema udaktari, mjadala umefungwa. Mimi na fizikia tulikuwa hatusalimiani, kwa hiyo plani ilikuwa CBG, nikwepe fizikia halafu udaktari niuingie kwa mlango wa nyuma. Nusu ya darasa walikuwa na plani hiyohiyo. Mwalimu wa ushauri nasaha alikuwepo, ila ndo huyohuyo wa nidhamu, sasa nani ajipeleke ofisini kwake kwa hiari?

Aliyenistua ni mzee wa maabara. Wala sio mwalimu, kazi yake kuosha bika na kutuandalia praktiko. Nilikuwa zamu ya usafi, fomu nimeiacha juu ya meza, akaiokota.

"CBG, halafu unasema daktari?"

"Ndiyo mzee."

"MD, digrii yenyewe ya udaktari, wanataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Na hii utaenda kilimo, utaenda mazingira, MD hupati. Hamkuambiwa?"

Nikabaki na fagio mkononi. Akajifuta mikono kwenye koti, akasema lete begi. Nikajua anatafuta simu, kumbe anataka madaftari. Akayatoa moja moja, akayapanga pale karibu na sinki. La fizikia notsi zimekatika mwezi wa tatu, katikati ya sentensi, kurasa zinazofuata ni majina ya wachezaji. La baiolojia moyo nimeuchora, mishale ipo, majina hakuna. Halafu akafungua la jiografia. Lile lilikuwa limevimba kwa penseli za rangi, kontua kila moja na rangi yake, mto wa bluu, skeli imepigwa rula, mshale wa kaskazini nimeukolezea kwa peni nyekundu. Hapo akavuta stuli akakaa. Akawa anaifuata kontua na kidole, kidole chenyewe kina madoa ya kahawia ya ayodini, taratibu, mpaka inazunguka kilima inarudi ilipoanzia.

"Hii ilikuwa homuweki?"

"Hapana mzee."

"Na hesabu?"

Akalifungua mwenyewe, akaona tiki. Akayarudisha yote kwenye begi. "We tukikupeleka hospitali utakaa unachora ramani ya wodi tu, wagonjwa wanakusubiri."

Basi nikajaza EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu. Nyumbani moto uliwaka, mzee akauliza hiyo EGM inatibu ugonjwa gani, maza akajifanya anachambua mchele. Yakapita. Advansi, Chuo Kikuu Ardhi, mipango miji, mkopo wa Bodi unachelewa, nikamaliza, ajira hakuna, nikajishikiza benki kwa muda, na muda wenyewe ndo huu mpaka leo. Niko kitengo cha mikopo. Ramani nakutana nazo kwenye hati za viwanja watu wakileta dhamana, na wenzangu wakikwama kuzisoma wananiletea mimi, nazisoma kwa raha mpaka wananishangaa.

Sasa sijui yule mzee alipatia au vipi. Maana niliyekaa naye dawati moja alijaza PCB kwa sababu tu kila mtu alikuwa anajaza PCB, madaftari yake hayana hata jina, na leo ni daktari, na anaipenda kazi yake kuliko mimi ninavyoipenda yangu. Baba naye kwa wageni ananitambulisha "huyu wa benki", kifua mbele, udaktari hautajwi tena, hiyo mipango miji ndo kabisa.

Dogo picha hajatuma mpaka sasa, na dirisha linakaribia kufungwa.