Garasa la mwaka 1998: kumbukumbu ya deki yangu ya Tortured Existence

Nianze na neno lenyewe, maana nyumbani limeshaleta kesi. Zile karata 60 unazojipangia kwa ajili ya mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, wachezaji tunaziita deki. Siku niliyomwambia mke wangu kwamba wikiendi nzima nina kazi ya deki, aliniletea ndoo na tambara.

Jumapili, siku ya kwanza

Binamu yangu aliporudi kutoka masomoni Uingereza aliniachia boksi la viatu limejaa karata. Moja niliipita mara tatu bila kuisoma. Inaitwa Tortured Existence, ya toleo la Stronghold la mwaka 1998, karata ya daraja la kawaida kabisa, gharama yake mana moja nyeusi (mana ni nguvu ya kulipia karata, inatoka kwenye karata za ardhi). Haishambulii wala haizuii. Inakaa tu mezani, na maandishi yake kwa Kiswahili ni haya: lipa mana moja nyeusi, tupa karata ya kiumbe kutoka mkononi, rudisha mkononi karata ya kiumbe kutoka kaburini kwako. Kaburi ni lile rundo la karata zako zilizotumika, zilizotupwa au zilizokufa.

Ukipiga hesabu ya kiduka hupati kitu. Umetoa kiumbe, umepokea kiumbe, na mana umelipa juu yake. Shemeji yangu, mpinzani wangu wa kila Jumamosi, aliisoma akanirudishia: "Shem, hapo umelamba garasa."

Basi nimeamua kulijengea nyumba garasa hilo. Tunacheza Pauper, mtindo unaoruhusu karata zilizowahi kutoka kwa daraja la kawaida tu, kwa hiyo mfuko hautoboki sana.

Jumatano

Nimekaa siku tatu nikijiuliza ni kiumbe gani kinachofurahi kutupwa, na kipi kinacholipa kikiokotwa. Maana karata yenyewe haina faida. Faida lazima itoke kwa wale inaowabeba. Na wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1998. Ndiyo maana sishangai kwamba watu waliiruka.

Stinkweed Imp alikuja mwaka 2005 na toleo la Ravnica, pamoja na uwezo unaoitwa dredge. Mimi nauita kufukua. Zamu yako ya kulamba karata ikifika, badala ya kulamba unaweza kumrudisha Imp kutoka kaburini kuja mkononi, ila karata tano za juu ya rundo lako zinaporomokea kaburini. Kwa deki nyingine hiyo ni hasara. Kwangu ni sherehe: namtupa Imp, naokota kiumbe ninachokitaka, zamu inayofuata Imp anarudi mwenyewe na ameniletea maiti tano za kuchagua. Halafu namtupa tena.

Grave Scrabbler wa mwaka 2007 yeye ana wazimu, uwezo unaoitwa madness: ukimtupa, unaruhusiwa kumleta mezani kwa mana mbili badala ya nne, na akiingia kwa njia hiyo anarudisha kiumbe kingine kutoka kaburini. Kwa hiyo mana moja ya Tortured Existence na mbili za Scrabbler zinanipa viumbe wawili mkononi na mmoja mezani. Hapo hesabu ya kiduka inaanza kucheka.

Ijumaa

Karata nisizokuwa nazo nimezichapisha stesheneri ili nijaribu kwanza kabla ya kutoa hela. Karatasi moja ya A4 inaingiza karata tisa. Kijana wa mashine akabonyeza kitu, ukurasa ukasinyaa, na karata zangu zote zikatoka ndogo kama tiketi za daladala. Sikurudia. Nimezitia kwenye mifuko ya plastiki mbele ya karata za zamani na zinakaa, ingawa zinatembeatembea ndani.

Jumamosi, mechi za kwanza

Nimefungwa nne kwa moja. Shemeji anacheza deki nyekundu ya moto: Lightning Bolt inakutoa uhai watatu kati ya 20 ulionao, halafu ukidhani ameishiwa, anatoa kafara milima yake miwili, yaani ardhi zake, na kukupiga wanne kwa Fireblast bila kulipa hata mana moja.

Dawa yake nilikuwa nimeiandaa, Golgari Brownscale. Kila akitoka kaburini kuja mkononi unapata uhai wawili. Nikamtupa Brownscale mmoja, nikasema namrudisha huyohuyo, nakula uhai wawili, na nitaendelea hivyo mpaka mana ziishe. Shemeji akaweka kikombe chini. Akanisomea kanuni pole pole kama shehe mwenye mwanafunzi mgumu: unataja kwanza unachokirudisha, ndipo unalipa gharama, na kutupa ni gharama. Wakati unataja, Brownscale bado yuko mkononi, hayuko kaburini. Huwezi.

Alikuwa sahihi. Mpango wote wa wiki ukaenda na maji.

Usiku ndipo nikaona kwamba tatizo ni kuwa naye mmoja. Ukiwa nao wawili, mmoja mkononi na mwenzake kaburini, wanapishana: huyu anaingia, yule anatoka, na kila mana moja nyeusi inakuwa uhai wawili. Nimeongeza wa tatu kwenye deki ili nisikose jozi.

Wiki ya pili

Tatizo kubwa si moto wa shemeji. Tatizo ni kwamba deki nzima imeegemea karata moja, na kanuni inaruhusu nakala nne tu. Nimekokotoa: uwezekano wa kuiona angalau moja katika karata saba za mwanzo ni asilimia 40. Ukishaona kumi, unafika takriban asilimia 53. Yaani karibu nusu ya michezo unakaa na mkono wa maiti usio na mzishi. Tena kufukua kunaweza kuitupa Tortured Existence yenyewe kaburini, na kwa kuwa si kiumbe, haijirudishi. Jumamosi mbili zilizopita niliiona ikiporomoka mara tatu. Inauma.

Mwanzoni nilikuwa na Satyr Wayfinder wanne. Anafunua karata nne za juu, unachukua ardhi moja, zinazobaki zinaenda kaburini. Mzuri, lakini ananitafutia ardhi wakati mimi natafuta garasa langu. Nimewatoa wawili, nikaingiza Commune with the Gods nne. Hii inafunua karata tano, unachukua kiumbe au enchantment (uchawi unaobaki mezani), na Tortured Existence ni enchantment. Zinazobaki zinajaza kaburi, kazi ambayo ningeifanya hata hivyo. Sijui kwa nini sikuanza nayo. Nadhani niliiona ghali kwa mana mbili.

Ardhi nazo nimezipanga upya. Nilikuwa na misitu tisa, na Crypt Rats wangu walikuwa wanyonge. Rats wanapiga kila kiumbe na kila mchezaji kwa kadiri ya mana ulizolipa, ila lazima ziwe nyeusi. Msitu unatoa mana ya kijani, hauwasaidii kitu. Sasa nina misitu sita tu, inatosha kwa Spore Frog.

Huyo chura nimempenda kuliko wote. Mana moja ya kijani, kadogo, ukimtoa kafara madhara yote ya mapigano ya zamu hiyo yanafutika. Mpinzani akishambulia, chura anakufa. Zamu yangu naye anarudi mkononi kwa mana moja nyeusi, namweka mezani kwa mana moja ya kijani. Mana mbili kila zamu na hakuna kiumbe kinachonigusa. Shemeji alishambulia zamu sita mfululizo, chura yuleyule akafa mara sita. Ya saba akauliza kama kuna chai.

Lakini hapo nilijifunza kuhesabu rundo. Ukishagawa saba zinabaki 53, na kila nikimfukua Imp tano zinaondoka. Mara kumi na nimekauka, na ukitakiwa kulamba karata kwenye rundo tupu umefungwa. Mchezo wa chura nilishinda nikiwa nimebakiwa na karata nne.

Jumamosi ya tatu

Nimeshinda tatu kwa mbili. Brownscale wawili walinitoa kwenye uhai wanne wakanifikisha 16 katika mchezo mmoja, na Fireblast ikaja ikaonekana kama kiberiti kwenye mvua.

Mbili nilizofungwa zina sababu moja. Shemeji amechomeka Relic of Progenitus. Haina rangi, hivyo deki yoyote inaibeba. Inanyofoa karata kaburini moja moja, na akiamua analipa mana moja, anaiondoa mchezoni pamoja na makaburi yote, kisha analamba karata juu yake. Ya kwanza alinifagia nikiwa nimelaza ardhi zangu zote, sina mana ya kujibu. Kosa langu. Sasa zamu yake ikifika naacha mana nyeusi mbili wima. Akivuta Relic, kabla haijatimia naokoa viumbe wawili walio bora, chura na Scrabbler kwa kawaida, na kaburi naanza kulijaza upya.

Katika karata 15 za akiba nimeweka Nature's Claim tatu, karata ya kuvunjia vitu kama Relic. Haiiui Relic kwa kweli, maana atajibu kwa kuivuta hapo hapo, ila angalau inamlazimisha kuivuta saa ninayotaka mimi.

Kilichobaki ni karata ya 60. Nilikuwa na Gurmag Angler, jitu la 5/5 (nguvu tano, ustahimilivu tano) linalokula kaburi ili lishuke bei. Linamaliza mchezo haraka, lakini linakula maiti zilezile ninazozitegemea, na juzi lilinilazimisha kuchagua kati yake na Brownscale. Mbadala ni Imp wa nne. Usiku huu nimeyaweka yote mawili mezani. Saa nne na nusu sasa, na nimeambiwa tena kuhusu sakafu.