Pazia lililokuwa likipanda upande

Kwa wiki mbili pazia langu la kuviringisha lilinitoa jasho. Kila nikilipandisha, kitambaa kinakimbilia kushoto na ukingo unasuguana na breketi (kile kishikio cha ukutani), mpaka ukaanza kutoa nyuzi. Nikakilaumu kitambaa bure. Siku nilipopanda kwenye stuli na kulaza pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, juu ya bomba linaloviringishiwa kitambaa, povu lake la hewa likaenda kukaa pembeni: breketi moja ilikuwa chini ya mwenzake kwa milimita 4 hivi.

Kutoboa upya sikutaka. Tundu jipya likikaribiana hivyo na la zamani, yanaungana na skrubu haishiki tena. Nikachukua breketi za kurekebishika, zenye matundu marefu kama ya vifungo vya shati. Nikakaza skrubu nusu tu, nikasogeza upande mmoja juu taratibu hadi povu likatulia katikati, ndipo nikakaza kabisa. Kati ya bomba na breketi nikaacha upenyo mdogo. Ukibana, bomba halizunguki, ukizidi, pini ya mwisho wa bomba inachomoka kwenye breketi na pazia linakushukia kichwani (lilishanishukia).

Sasa linapanda wima. Zile nyuzi nilizikata kwa mkasi.