Siku Moja Magee Marsh, Kando ya Ziwa Erie

Tuliondoka Columbus saa tisa usiku, mimi na mjomba wangu, kwa sababu yeye huenda huko kila Mei na alitaka tuwe tumefika kabla jua halijapanda. Safari yetu ilielekea mwambao wa Ziwa Erie, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako tangu mwaka 2010 hufanyika tamasha la siku kumi la kutazama ndege wa porini liitwalo Biggest Week in American Birding, likiandaliwa na kituo cha Black Swamp Bird Observatory.

Kulipopambazuka tulikuwa tukipita katikati ya mashamba tambarare yasiyo na mwisho. Mjomba alinieleza kwamba nchi ile yote ilikuwa kinamasi chenye misitu minene, Great Black Swamp, kilichokaushwa kwa mitaro katika karne ya 19 ili watu wapate kulima. Maelezo hayo ndiyo yaliyonifumbua macho. Ndege wadogo waitwao wobla, wanaorudi kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini kwenda kuzaliana Kanada, husafiri usiku. Alfajiri inapowakuta hapa, mbele yao kuna maji na nyuma yao kuna mashamba, hivyo hutua kwa wingi katika kipande chembamba cha msitu kilichosalia ufukweni. Sehemu hiyo, Magee Marsh, ilinunuliwa na jimbo mwaka 1951, na jirani yake ikaanzishwa hifadhi ya wanyamapori ya Ottawa mwaka 1961.

Ndani ya msitu huo imejengwa njia ya mbao yenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi, na kiingilio hakuna. Tuliwakuta watu mamia, wazee kwa watoto, wengine kwenye viti vya magurudumu, wote na darubini shingoni, lakini wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu walio msibani. Hewani walitanda wadudu wadogo wanaofanana na mbu ila hawaumi. Mimi niliyekulia Mwanza niliwatambua mara moja, kwani ni ndugu wa wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria, na hapa ndio chakula kinachowarudishia ndege nguvu.

“Usiondoke hapo, mwanangu,” mjomba aliniambia nilipotaka kusogea. “Subiri, atashuka.”

Wobla mmoja alishuka kweli, hadi kwenye tawi la mti lililokuwa karibu nami kiasi cha mkono, karibu mno kwa darubini. Koo lake lilikuwa la rangi ya chungwa iliyokolea, kama kaa la moto lililopulizwa, na mistari myeusi ilipita usoni na ubavuni. Alidonoa mdudu chini ya jani, akageuza kichwa, akadonoa mwingine. Ndege huyo amepewa jina la Anna Blackburne, Mwingereza wa karne ya 18 aliyekusanya viumbe, na uzito wake ni kama gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari. Kwa mwili huo ametoka milima ya Andes. Nilisimama pale hadi alipopotea majanini, na sikuona haja ya kuhesabu aina nyingine kama walivyofanya wenzetu wenye madaftari.

Mchana tulimwona pia tai mwenye kichwa cheupe kwenye kiota chake. Mwaka 1979 Ohio ilikuwa imebakiwa na jozi nne tu zilizokuwa zikitaga. Leo viota ni mamia, jambo ambalo wenyeji hulisema kwa fahari, nami nadhani wana haki.

Hatukurudi mapema. Giza lilipoanza kuingia, upepo wa kusini ulivuma, nasi tukasimama ufukweni bila kuzungumza. Ndege hatukuwaona tena, ila kila baada ya muda tulisikia mlio mwembamba juu ya vichwa vyetu, ukielekea majini, upande wa Kanada.